Weupe Uchungulie: Mbegu, Rochi na Mito ya Uingereza

Mbegu zimelala majini usiku kucha. Asubuhi zinainjikwa kwa moto mdogo, na kwa muda mrefu huoni kitu ila maji yanayogeuka polepole kuwa kama chai ya rangi. Kisha moja inapasuka. Ganda gumu la kijivu linafunguka kwenye mshono wake, na kiini cheupe kinachungulia, kimejikunja kama ukucha wa mtoto mchanga. Zikipasuka nyingi sufuria inaepuliwa haraka, kwa sababu zikizidi kuiva kiini huchomoka, na ganda tupu halishiki ndoana. Mpishi mzoefu hutia soda ya kupikia kidogo, kama sisi tunavyotia magadi kwenye maharage sugu. Soda hiyo inayatia maganda weusi wa makaa, na juu ya weusi huo weupe wa kiini unaonekana kwa mbali.

Hiyo ni mbegu ya hempu, mmea wa aina moja na bangi lakini uliokuzwa kwa ajili ya nyuzi na mafuta. Haimlevyi mtu wala samaki. Anayeipika hivyo huko Uingereza anajiandaa kwenda mtoni kuvua rochi, na sufuria yake inaendeleza kazi ambayo Waingereza wamekuwa wakiiandika tangu karne ya 17.

Rochi ni samaki wa maji baridi mwenye magamba ya fedha, mapezi mekundu na duara jekundu kwenye jicho. Kwetu hayupo, ila ukoo wake tunao: ningu wa Ziwa Viktoria ni wa ukoo huo huo mkubwa. Mvuvi akipata rochi wa ratili mbili, yaani kama gramu 900, atamsimulia maisha yake yote. Wengi wanaopatikana hutosha kiganjani. Taya za rochi hazina meno. Meno yake yako kooni, nyuma ya matamvua, na kwa hayo husaga konokono wadogo, mimea na mbegu. Jambo hili ndilo linaloeleza habari yote ya chambo cha nafaka. Rochi huivuta mbegu ndani, huiponda kooni, na akigusa chuma huitema papo hapo. Boya linazama na kuibuka kabla mkono haujawahi kuvuta.

Izaak Walton aliyajua haya bila kupasua koo la samaki yeyote mbele ya wanasayansi. Alizaliwa Stafford mwaka 1593, akafanya biashara ya vitambaa jijini London, na mwaka 1653, miaka minne baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa, akachapisha The Compleat Angler, kitabu cha uvuvi kilichochapishwa tena na tena mpaka leo. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yeye akaandika jinsi ya kumenya kimea.

Msomaji aliyekulia Moshi akiona ulezi ukioteshwa kwa ajili ya mbege hana haja ya kuelezwa kimea ni nini. Cha Walton kilikuwa kimea kizuri cha kutengenezea bia. Anataka konzi moja ioshwe na kupikichwa mikononi mpaka makapi yatoke, kisha ichemshwe taratibu sana, bila kutokota kwa nguvu, mpaka punje ibonyee kati ya kidole na gumba. Hapo kinaingia kisu chenye ncha kali. Ganda la nje linavuliwa, la ndani linaachwa, maana likiondoka punje imeharibika. Ncha iliyochipua inakatwa kidogo ili weupe uonekane, na upande wa pili unapunguzwa kidogo tu, ndoana ipate pa kupenya. Kazi yote hiyo kwa punje moja! Ngano nayo anaipika ndani ya maziwa mpaka ilainike, halafu anaikaanga polepole kwa asali na zafarani. Mtu wa pwani aliyewahi kuloweka ngano ya bokoboko ataisoma hatua kwa hatua kama anayesoma mapishi ya nyumbani.

Ninakaa sana kwa Walton kwa sababu ya ule weupe. Kimea cha 1653 kilikatwa ncha ili kiini kionekane; hempu ya karne ya 20 ikapikwa mpaka ipasuke ili kiini kionekane. Hakuna aliyeweka kanuni hiyo ukutani, wala aliyehitaji kuikumbusha. Imepita mkono kwa mkono kwa zaidi ya miaka 300.

Walton huyo huyo anaeleza kwamba rochi alihesabiwa kuwa kondoo wa majini kwa ujinga wake. Hapo sikubaliani na watu wa zama zake. Rochi mdogo ni mwepesi kumpata, lakini rochi mkubwa wa mto ulio wazi, wakati wa jua, ni samaki wa kutilia shaka kila kitu. Nadhani dharau hiyo ina mizizi yake kwa watu zaidi kuliko kwa samaki. Samoni na trauti walikuwa samaki wa wenye mashamba na haki za mito, wakavuliwa kwa chambo cha manyoya na kuandikiwa vitabu vya ngozi. Rochi na wenzake wakawekwa katika fungu la samaki wa kawaida, na ndilo fungu lililobaki kwa fundi seremala, mpakia mizigo bandarini na mfanyakazi wa kiwandani.

Mto wa watu hao ulikuwa Lea, unaoshuka kutoka kaskazini na kuingia Thames mashariki mwa London. Ndio mto wa Walton mwenyewe. Kitabu chake kinaanza asubuhi ya Mei kwenye kilima cha Tottenham, watu wakielekea Ware. Karne ya 19 ilipofika, reli iliwaleta wavuvi wa mitaa ya mashariki kwenye kingo hizo hizo. Walivua kwa mwanzi mrefu mwepesi usio na gurudumu la mshipi. Mshipi ulifungwa kwenye ncha, boya likasimama karibu chini yake, na mvuvi akahisi kila mdono moja kwa moja mkononi. Huko Nottingham, kwenye mto Trent wenye maji ya kasi, walifanya kinyume: gurudumu linalozunguka kwa urahisi na boya linaloachwa lisafiri mbali na mkondo. J. W. Martin alieleza mtindo huo katika kitabu chake cha 1882. Mikono tofauti kabisa, lakini chambo kimoja kilikuwa cha pamoja: ngano iliyolowekwa na kuchemshwa mpaka ipasuke na kuonyesha unga wake mweupe.

Sheria nayo iliufunga uvuvi huu kwenye majira. Mwaka 1878 Anthony Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa wafua visu na wavuvi, alipitisha sheria ya kuwapumzisha samaki wa kawaida kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, wakati wanapotaga. Juni 16 ikawa sikukuu ya wavuvi, na kwenye mito ya Uingereza bado ni hivyo. Mto unapofunguliwa maji yameshapata joto, majani ya majini yamejaa, na rochi aliyechoka kutaga anakula vyakula vya mimea kwa hamu. Mbegu ikawa chambo cha kiangazi.

Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji, na wakimbizi wapatao 250,000 wakavuka bahari kwenda Uingereza. Walikuja na watoto, na mabunda, na mazoea yao. Ubelgiji na Ufaransa zilikuwa zikivulia mbegu ya hempu tangu zamani, na wavuvi wa London wanasimulia mpaka leo kwamba ni wakimbizi hao waliowafundisha kuipika. Mbegu yenyewe haikuwa ngeni Uingereza. Mfalme Henry wa Nane alitunga sheria mwaka 1533 ya kuwalazimisha wakulima kupanda hempu au kitani ili meli zipate kamba, na madukani mbegu iliuzwa kuwa chakula cha ndege wa vizimbani. Ilikuwapo siku zote. Aliyekuja ugenini ndiye aliyeonyesha kwamba rochi anaipenda.

Wakimbizi hao walilipwa kwa shaka. Samaki walipoanza kutoka kwa wingi Thames na Lea, minong'ono ikafuata: mbegu inawalevya samaki, inawafanya wakatae chambo kingine, inabaki chini ya mto ikaoza. Katika miaka ya 1920 na 1930 vilabu vingi viliipiga marufuku, na vingine viliendelea na marufuku hiyo kwa miongo kadhaa. Jina la bangi lilitosha kuhukumu. Kwangu hilo ni dhuluma iliyofanyiwa maarifa ya watu waliopoteza makwao, hasa kwa kuwa kilichokuwa kikiwavuta samaki ni mafuta ya mbegu, karibu theluthi moja ya uzito wake, na subira ya mrushaji. Mvuvi wa hempu hurusha punje kumi au kumi na tano kila mara, kwa mkono au kwa manati, dakika kwa dakika. Saa nzima inaweza kupita bila mdono. Halafu rochi wanaikubali, na maji yanaanza kuchemka chini ya boya.

Kero moja ilikuwa ya kweli. Chubwi za risasi zilizobanwa kwenye mshipi zilikuwa ndogo, za mviringo na nyeusi, sawa kabisa na hempu, na rochi walizidona. Boya lilizama, mvuvi akavuta, hakuna kitu. Wengine walitumia chubwi ndefu nyembamba badala yake. Chubwi zilizodondoka kingoni zilimezwa pia na batamaji weupe wenye shingo ndefu, ambao humeza mawe madogo ili firigisi zao zisage majani. Risasi ikasagika humo na kuwaua. Kuuza chubwi nyingi za risasi kulikatazwa tangu tarehe 1 Januari 1987.

Dawa nyingine ya kero hiyo ilikuwa kuacha hempu iwe ya kurushwa tu, na kwenye ndoana kutia mbegu kubwa na laini zaidi. Walichagua punje ya jamii ya kunde, kama choroko iliyonenepa, iliyozoeleka kuwa chakula cha njiwa. Waingereza huiita kwa neno ambalo Biblia yao ya 1611 hulitumia pale yetu inaposema magugu. Nayo hulowekwa usiku, hutiwa soda, huchemshwa mpaka ibonyee bila kupasuka. Rochi huishika kwa muda mrefu kidogo, na muda huo mdogo unamtosha mvuvi.

Agosti ikielekea kwisha, jiko linaweza kupumzika. Miti ya elda imeinamia mto, imebeba vishada vya matunda meusi madogo, makubwa kidogo tu kuliko hempu. Upepo ukipita, machache yanaanguka majini yenyewe, na rochi aliyelelewa kwa mbegu nyeusi kiangazi chote anayapokea bila kusita. Mvuvi ananyoosha mkono juu ya kichwa chake, anachuma moja lililoiva lakini bado gumu, analichoma kwenye ndoana, na vidole vyake vinabaki na rangi ya zambarau.