Familia ya Wexler na Hereditary Disease Foundation

Hereditary Disease Foundation (HDF) ni shirika lisilo la faida la Marekani linalogharamia utafiti wa magonjwa ya ubongo ya kurithi, hasa ugonjwa wa Huntington. Lilianzishwa Los Angeles mwaka 1968 na Milton Wexler (1908–2007), kisha binti yake Nancy akaliongoza kwa miongo kadhaa. Viongozi hao walikuwa na ugonjwa huo nyumbani kwao, na hilo liliathiri namna walivyochagua watafiti na maswali ya kutafiti.

Huntington huua seli za ubongo polepole. Dalili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 30 na 50: viungo huchezacheza bila hiari, tabia hubadilika, sonona huingia, mwishowe akili hufifia. Mzazi mmoja mwenye jeni yenye hitilafu anatosha kuirithisha, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipata.

Leonore, mtalaka wa Milton, alikuwa msomi wa zuolojia. Baba yake na kaka zake watatu waliuawa na ugonjwa huo. Asubuhi moja mwaka 1968 alikuwa akivuka barabara kuelekea mahakamani, polisi akamfokea: haoni haya kulewa mapema vile? Hakuwa ameonja tone. Baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa, Milton aliwaketisha mabinti zake wawili, Alice na Nancy, akawaeleza yote, pamoja na hatari iliyowakabili wao wenyewe. Wote wawili waliamua kutozaa. Leonore alifariki mwaka 1978.

Milton hakuwa tabibu wa ubongo wala mwanabiolojia. Alianza na sheria, akahamia saikolojia na uchanganuzi wa nafsi. Kwanza alifanya kazi chini ya kamati ya Marjorie Guthrie, aliyekuwa mke wa mwanamuziki Woody Guthrie, ambaye Huntington ilimuua mwaka 1967. Marjorie alitanguliza matunzo ya wagonjwa na familia zao. Milton alitaka fedha ziende kwenye biolojia ya msingi. Mwaka 1974 shirika lake likajitegemea. Wagonjwa walihitaji vyote viwili, na pengine kutengana huko kulisaidia kila upande ufanye kazi yake bila kuvutana.

Mchango mkubwa wa Milton ulikuwa warsha. Aliwaalika wanasayansi wachache, wengi wao vijana, akawapiga marufuku kuonyesha slaidi na kusoma hotuba walizoandaa. Kabla ya mjadala, mgonjwa au jamaa yake aliingia na kuzungumza nao ana kwa ana. Kisha watu wakaachwa wabishane, wapendekeze hata mambo yaliyoonekana ya kipuuzi. Mbinu hiyo ilitokana na uzoefu wake wa tiba ya vikundi, ambako wateja wake wengi walikuwa wasanii. Mmoja wao, msanifu majengo Frank Gehry, alikuwa mdhamini wa shirika kwa miaka mingi. Mpaka kati ya mtabibu na mteja ulikuwa legelege kuliko unavyokubalika leo, lakini ndiyo njia iliyowaleta watu wa Hollywood kwenye hafla za kuchangia.

Nancy Wexler, aliyezaliwa mwaka 1945, alipata shahada ya uzamivu ya saikolojia Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1974. Mwaka 1979 alianza safari za utafiti kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako daktari Américo Negrette alikuwa ameutambua ugonjwa huo katika miaka ya 1950. Wenyeji walisita kutoa damu na vipande vya ngozi kwa wageni. Muuguzi Fidela Gómez, Muargentina, akaushika mkono wa Nancy na kuuzungusha mbele ya watu ili waone kovu: naye alikatwa ngozi, kwa kuwa ugonjwa ni wa kwao pia. Mti wa ukoo uliochorwa kutokana na kazi hiyo ulifikia watu zaidi ya 18,000.

Mwaka huohuo wa 1979 warsha ya HDF ilijadili wazo la kusaka jeni kwa kutumia alama za vinasaba, wazo ambalo wengi waliona lingechukua miongo. Mtafiti David Housman alilipigia debe. Mtafiti mwingine, James Gusella, akalifanyia kazi, na mwaka 1983 alama ilipatikana katika kromosomu ya 4, ikathibitishwa kwa damu ya Maracaibo. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993, na makala yake ikatoka kwa jina la kundi zima la watafiti. Kwa watu waliozoea kugombea kutangulia, hayo hayakuwa matokeo ya kawaida. Ndani ya jeni, herufi CAG hurudiwa. Zikifika 40 au zaidi, ugonjwa huja mtu akiishi umri wa kawaida.

Kipimo kikawepo, tiba haikuwepo. Nancy alikataa kutangaza kama alipimwa, akasisitiza kwamba asipimwe mtu bila ushauri nasaha. Alice, mwanahistoria, aliandika habari za familia yao katika kitabu *Mapping Fate* (1995). Mwaka 2020 Nancy aliueleza umma kwamba ana Huntington, jambo ambalo wenzake walikuwa wameliona kwa miaka katika mwendo wake.

Deni la Maracaibo halijalipwa. HDF ilisaidia kituo cha matunzo, Casa Hogar Amor y Fe, lakini koo zilizotoa damu yao bado ni maskini, na mgogoro wa uchumi wa Venezuela umewafanya watafiti wa nje washindwe kuwafikia kama zamani. Dawa ya kuuzuia ugonjwa haijaidhinishwa. Ruzuku za shirika huendelea kuwalenga hasa watafiti vijana wenye mawazo ambayo wafadhili wakubwa huyaona ya hatari mno.