Bima ya biashara ya usafi wa wanyama-kipenzi

Bima ya biashara ya usafi wa wanyama-kipenzi ni kinga ya kifedha kwa anayeosha, kunyoa manyoya au kukata kucha za mbwa na paka kwa malipo. Kwa kawaida huunganisha bima ya mali, inayofidia vifaa na jengo dhidi ya moto, wizi au mafuriko, na bima ya dhima, inayolipa madai ya mteja au mpita njia aliyeumizwa. Bima ya dhima ya kawaida mara nyingi haimhusishi mnyama aliye mikononi mwa mtoa huduma. Jeraha, kifo au kupotea kwake huhitaji kifungu cha nyongeza.

Tanzania Bara, kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Ajali za waajiriwa kazini hufidiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 hukataza ukatili. Ukiukaji wake wa makusudi kwa kawaida haulipiwi na bima.