Kuchagua SSD ya bei nafuu kwa laptopu kuukuu

Kwa mwenye duka la saiba Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, laptopu iliyozeeka si lazima itupwe. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski yake yenye sahani zinazozunguka. SSD haina kinachozunguka, hivyo kompyuta huwaka kwa sekunde badala ya dakika.

Nafasi. Fungua kifuniko kabla ya kununua. Laptopu nyingi za zamani hupokea SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7. Kasi yake hufika megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Diski ya kuzunguka hufanya kama 100. Aina ya NVMe ni ya kasi zaidi, lakini haiingii kwenye nafasi hiyo.

Ukubwa. Gigabaiti 240 zatosha barua, fomu na hesabu za duka. Mwenye picha nyingi achukue 480.

Bandia. Rahisi ghali. SSD ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya gigabaiti 240 huenda ikajionyesha kubwa tu; ikijaa, faili mpya hufuta za awali bila onyo. Dai risiti na udhamini, kisha ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kuweka chochote.

Akiba. SSD ikifa, aghalabu hufa ghafla. Diski ya zamani ikiwa bado nzima, itie kwenye kasha la USB na unakili humo faili za wateja kila wiki.