Mbio za Vilima za Uingereza

Mbio za vilima ni tawi la riadha lililokulia katika milima ya kaskazini mwa Uingereza, Uskoti na Wales. Mkimbiaji hupanda hadi kilele kisha hushuka juu ya majani, kinamasi na mawe yaliyolegea, mara nyingi bila njia wala alama, na huachiwa achague mwenyewe pa kupita kati ya kituo na kituo. Chama cha Fell Runners Association, kilichoanzishwa mwaka 1970, huzipanga mbio hizo kwa ukali wa mwinuko. Daraja A ni zile ambazo mkimbiaji hupanda wastani wa mita 50 au zaidi kwa kila kilomita, na barabara haizidi asilimia 20 ya safari. Zikifika kilomita 20 huhesabiwa kuwa ndefu. Washiriki wengi ni wanachama wa klabu za ridhaa za vijiji na miji midogo, watu wenye kazi zao za kila siku. Tumezoea kuiona klabu ya namna hiyo kama ngazi ya chini, mahali ambapo kipaji hupita tu kikielekea kwenye fedha. Katika mbio za vilima mambo ni kinyume: klabu ndiyo chimbuko la ubora wa mchezo wenyewe, na ushahidi mkubwa umo katika rekodi zake.

Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini Uskoti, una mita 1,345. Mwaka 1895 William Swan, mwenye duka la tumbaku mjini Fort William, aliupanda na kurudi mjini kwa saa 2 na dakika 41. Mwaka 1984 Kenny Stuart, mtunza bustani na mwanachama wa klabu ya Keswick, aliweka muda wa saa 1, dakika 25 na sekunde 34 katika mbio za mlima huo, na miongo minne ya viatu vipya, vyakula vya wanariadha na saa za setilaiti haikutosha kuufuta. Finlay Wild, daktari wa eneo hilohilo la Fort William, alishinda mbio hizo mara kumi mfululizo, kuanzia 2010 hadi 2019, bila kuufikia. Mwenzake Stuart wa klabu ya Keswick, Billy Bland, alikuwa mwashi wa mawe katika bonde la Borrowdale. Mwaka 1982 alikamilisha mzunguko wa vilele 42 uliobuniwa na Bob Graham mwaka 1932 kwa saa 13 na dakika 53, ilhali sharti ni kuumaliza ndani ya saa 24.

Sababu ya mafanikio hayo iko zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda. Nguvu za mapafu na miguu zinaweza kujengwa popote penye mwinuko. Lakini kujua ni wapi mawe yatateleza chini ya mguu, ni mkondo upi wa maji unaovukika baada ya mvua, na ni ukingo upi wa kuufuata ukungu unaposhuka, hayo hufunzwa na mtu aliyetangulia kwa mtu anayemfuata nyuma, majira baada ya majira. Kazi hiyo hufanywa na klabu, na hapo ndipo uhai wa watu unapolindwa pia. Mwaka 1957 mkimbiaji mmoja alifariki kwa baridi katika mbio za Ben Nevis, na leo koti la mvua, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura ni vifaa vya lazima katika mbio nyingi za milimani. Oktoba 2008 dhoruba iliwakumba wakimbiaji wapatao 2,500 waliokuwa katika shindano la siku mbili huko Borrowdale. Vyombo vya habari vilitangaza kwamba zaidi ya 1,000 hawajulikani walipo. Wengi walikuwa wamejisitiri kwenye mahema yao au katika majengo ya mashamba, na hakuna aliyekufa. Kifaa bila mazoea hakingewafikisha hapo.

Wapo watakaosema rekodi za miaka ya 1980 zimedumu kwa sababu wenye vipaji wamehamia barabarani. Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini Stuart mwenyewe alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 36 mwaka 1989. Rekodi yake ya mlimani haikuwa bahati ya zama dhaifu. Wengine watamtaja Kilian Jornet, mwanariadha wa kulipwa kutoka Hispania, aliyeipunguza rekodi ya Bland kwa saa nzima mwaka 2018. Ni kweli alishinda kwa uwezo wake, na uwezo huo ni mkubwa mno. Hata hivyo alisindikizwa, sehemu baada ya sehemu, na wakimbiaji wa milima hiyohiyo, kama ilivyo desturi ya mzunguko huo unaodai kila kilele kiwe na shahidi, na Bland alikuwapo Keswick kumpokea. Wengine wataonyesha mashindano ya dunia ya mbio za milima, ambako Lucy Wambui Murigi wa Kenya na Victor Kiplangat wa Uganda walitwaa ubingwa mwaka 2017. Huko njia huwekwa alama na mkimbiaji hahitaji kutafuta pa kupita. Ni mtihani mwingine, wenye heshima yake kamili.

Hoja iliyo nzito zaidi inahusu neno ridhaa lenyewe. Kwa karibu karne nzima, kanuni za chama cha riadha kilichoundwa mwaka 1880 zilimfungia nje yeyote aliyepokea zawadi ya fedha, hata kidogo, kama ilivyokuwa katika mbio za kupanda mlima za Grasmere. Waliofungiwa walikuwa hasa vibarua na wachungaji wa kondoo, na Stuart naye alianzia huko kabla ya kurejeshwa. Ubaguzi huo haukuzaa ubora wowote, na kuondolewa kwake hakukuziua klabu. Wanawake nao walizuiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Kathleen Connochie, msichana wa miaka 16, alikimbia Ben Nevis kwa saa 3 na dakika 2 bila kutambuliwa kuwa mshindani rasmi. Mlango ulipofunguliwa, Pauline Haworth, naye wa Keswick, alitumia saa 1, dakika 43 na sekunde 25 mwaka 1984. Aliyekuja kumpita, kwa sekunde 24, ni Victoria Wilkinson wa klabu ya Bingley, mwaka 2018.