Ngege Wawili

Dani, bibi yangu mzaa baba, hakupima samaki kwa mizani. Alipima kwa kikaango. Ngege akiingia mzima, kichwa na mkia, ni wa kuliwa nyumbani. Akizidi hapo, ni wa kuuzwa. Nilikua Kisumu nikidhani sote tulikuwa tukila samaki mmoja. Nilikuwa chuoni nilipogundua kwamba ngege aliyemlea yeye na ngege aliyenilea mimi ni samaki wawili tofauti.

Yule wa kwanza alipewa jina la kisayansi mwaka 1928 na Michael Graham, Mwingereza aliyekuja kuchunguza uvuvi wa Ziwa Victoria. Alimwita esculenta, yaani anayelika. Wajaluo na Waganda, waliokuwa wakimwita ngege tangu zamani, hawakuhitaji kuambiwa.

Zamani hizo uvuvi wa ziwa ulikuwa na mwaka wake. Mvua zilipojaza Nzoia, Sondu na Kuja, ningu walipanda mito kwenda kutaga, na watu wakawangoja kwenye kek, uzio wa miti na matete uliowekwa mitego ya kusuka. Kwenye maji mafupi ya ufuoni walikokota nyavu za mafunjo. Ngege hakuwa rahisi kumpata. Chakula chake ni mimea midogo mno inayoelea majini, kwa hiyo chambo cha ndoana hakimshughulishi. Akikaa mbali na ufuo, alikuwa salama.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za makila za kitani, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu anapojaribu kupenya. Wavu huo haungoji mvua. Unategwa jioni na kutolewa alfajiri, Januari hadi Desemba. Treni nayo haikuwa na msimu, wala kodi ya nyumba, ambayo serikali ya kikoloni iliidai kwa fedha. Ngege akawa mkate wa kila siku, wa mji na wa kijiji.

Ni rahisi kuwalaumu wavuvi kwa tamaa. Lakini mvuvi aliyeona samaki wakipungua wavuni alikuwa na njia mbili tu: kuongeza nyavu, au kununua zenye matundu madogo zaidi. Graham aliliona hilo. Katika ripoti yake ya 1929 alipendekeza nyavu zenye matundu chini ya inchi 5 zipigwe marufuku, ili ngege azae kabla ya kunaswa. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu jike la ngege hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa majini wakati huo, umetoa kizazi kizima.

Sheria ikaja miaka ya 1930. Lakini ziwa moja lilikuwa na serikali tatu, na wavu mdogo ulileta chakula usiku uleule. Katika miaka ya 1950 zilifika nyavu za nailoni, zisizooza upesi kama kitani, na katika miaka hiyohiyo Uganda na Tanganyika zikaiondoa sheria. Kenya ikafuata baadaye. Ningu nao walitegewa nyavu kwenye midomo ya mito, wakati uleule wa kupanda kutaga, wakaporomoka.

Ili kujaza pengo, wataalamu walileta samaki wageni. Mbuta, jitu la kula samaki wenzake, aliingizwa miaka ya 1950 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato naye akaletwa kutoka maji mengine, akastawi. Ngege wa asili alipotoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, sato alirithi nafasi yake, kikaango chake, na kwa walaji wengi hata jina lake. Wenye jina bado wapo katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Siaya, nyuma ya kinamasi cha Yala.

Mwaka jana nilimsimulia Dani haya yote. Alikuwa jikoni, akaendelea kugeuza samaki.

“Nilijua ladha imebadilika,” alisema. “Nilifikiri ni ulimi wangu unazeeka.”