Kibali cha kulala porini: hesabu iliyoanzia kwa ng'ombe

Ukitaka kubeba shanta na hema ulale hata usiku mmoja tu katika pori la Yosemite, kule California, lazima uwe na kibali. Ukiingia kutembea na kutoka siku hiyohiyo, kwa njia nyingi hukihitaji. Kinachohesabiwa ni kulala. Kila mwanzo wa njia una idadi yake ya watu kwa siku, na ikijaa imejaa, hata kama umetoka bara jingine. Sasa hiyo namba ilitoka wapi?

Ilianzia malishoni. Wataalamu wa mifugo walikuwa wakijiuliza tangu zamani: eneo hili la nyasi linaweza kulisha ng'ombe wangapi bila kuharibika? Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani wengi walipata magari, likizo za kulipwa na vifaa vyepesi vya kupigia kambi, na njia za milimani zikaanza kujaa. Swali la ng'ombe likahamishiwa kwa watu. Mwaka 1964 mtafiti wa misitu, J. Alan Wagar, alichapisha andiko kuhusu jambo hilo, na alichokiona kinanifurahisha mpaka leo: ikolojia peke yake haitoi jibu. Niliseme kwa maneno yangu: ng'ombe akishapata nyasi za kutosha, hana shida na umati. Mtu aliyetembea siku mbili akitafuta ukimya ana shida nao, tena kubwa. Kwa hiyo kikomo ni sayansi kiasi, na kiasi kingine ni uamuzi wa watu kuhusu wanachotaka kukikuta huko.

Mwaka huohuo, tarehe 3 Septemba, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kulinda maeneo ya pori, karibu ekari milioni 9.1 kwa kuanzia. Sheria hiyo inalitaja pori kuwa mahali ambapo binadamu ni mgeni tu, anapita na habaki. Mwandishi wake mkuu, Howard Zahniser, alifariki miezi minne kabla ya sahihi hiyo.

Yosemite ilianza kudai vibali mwaka 1972, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kibali kile kilikuwa pia chombo cha kukusanyia data: umeanzia wapi, mko wangapi, mtalala wapi. Mwanasayansi wa hifadhi, Jan van Wagtendonk, pamoja na wenzake, walizitumia taarifa hizo kuiga safari za watu kwenye kompyuta. Kumbe wasafiri wengi hawafuati mpango waliouandika! Mvua, malengelenge miguuni, ziwa zuri kuliko walivyotarajia, basi ratiba imekwisha. Ila ukijua watu wangapi wameingia kwa njia fulani, unaweza kukadiria vizuri watakavyotawanyika. Kwa nini basi umpangie mtu kitanda cha kila usiku? Wakaweka kikomo mlangoni, na ndani wakamwacha mtu huru. Grand Canyon ilichagua tofauti: huko kibali kinataja utakapolala kila usiku.

Mimi nausifu mfumo wa Yosemite, ni mfano mzuri wa data kupunguza masharti badala ya kuyaongeza. Lakini kuna kitu kinanikera katika ile hesabu, nacho ni neno "mgeni". Bonde la Yosemite lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, ambao wanamgambo waliwafukuza kwa silaha mwaka 1851. Baadhi walirudi, wakafanya kazi kwenye hoteli na hifadhini, wakaendelea kuishi palepale. Hakuna mtu aliyewauliza uwezo wa bonde ni watu wangapi. Nyumba za mwisho za kijiji chao zilibomolewa mwaka 1969, miaka mitatu kabla ya hifadhi kuandika kibali cha kwanza.