Milango ya msamaha: sheria ya Kenya inampa nini aliyehukumiwa

Kila ikikaribia Siku ya Jamhuri, familia zenye vijana Shimo la Tewa, Manyani au Hola huanza kuulizana kama Rais ataachilia wafungwa mwaka huu. Swali hilo lina haki yake. Tatizo ni kwamba watu husubiri mlango mmoja, tena ulio mbali, na milango ya karibu hawaibishi.

Tuanze na huo wa Rais, maana ndio unaosemwa sana na kueleweka kidogo. Kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu mtu yeyote kupeleka ombi la msamaha. Si lazima awe mfungwa mwenyewe. Mamake aweza, na jirani pia aweza. Rais naye haamui kwa kupenda kwake tu. Hufuata ushauri wa kamati yenye Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza, na watu wengine wasiopungua watano ambao si watumishi wa serikali. Anaweza kusamehe kabisa au kwa masharti, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi, au kuiondoa yote au sehemu yake. Na kamati inaruhusiwa kuzingatia maoni ya waliotendewa kosa. Kwa hivyo familia iliyosamehe kwa moyo, ikaandika na kutia saini, maneno yake yana pa kufikia.

Tusichanganye hilo na matangazo ya jumla. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Kenyatta akafanya hivyo kwa wafungwa 2,747. Wengi walishangilia wakidhani watu wao wanarudi nyumbani. Hawakurudi. Kilichoondoka ni kitanzi, ambacho Kenya haijakitumia tangu 1987.

Mahakama nazo zina mlango wao. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema si halali jaji kulazimika kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya kuua bila kusikiza utetezi wake kuhusu adhabu. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Waliokwisha hukumiwa wakapata nafasi ya kusikizwa upya kuhusu adhabu, na baadhi yao wametoka. Lakini tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilifafanua kuwa uamuzi ule ni wa kesi za mauaji tu. Aliyefungwa kwa wizi wa mabavu hawezi kuutegemea, na anayemuahidi mamake kijana vinginevyo ili apewe pesa anamdanganya.

Kuna pia hesabu ambayo familia haziifanyi. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka muda aliokaa mtu rumande kabla ya hukumu uzingatiwe. Kijana aliyekaa rumande miaka miwili kwa kukosa dhamana, akafungwa miaka mitano, apaswa kuhesabiwa ile miwili. Ikiwa hakimu hakuitaja, Mahakama Kuu inaweza kuombwa irekebishe. Soma karatasi ya hukumu, uone kifungo kinaanza kuhesabiwa lini. Juu ya hapo, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja mwenye kazi na tabia njema anaweza kupunguziwa thuluthi ya kifungo chake, ila aliyefungwa maisha hayumo.

Mlango ninaouona mkubwa kuliko yote hufunguka kabla ya hukumu. Mtu akishapatikana na hatia, hakimu anaweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huja mtaani, akauliza nyumbani, kwa chifu, kwa wazee, na kwa aliyekosewa. Na hapo ndipo sisi hujificha. Baba hachukui simu kwa aibu, ami asema hamjui kijana huyo siku hizi, imamu hajaambiwa chochote. Ripoti inarudi kwa hakimu ikisema hana wa kumpokea. Kwa kosa ambalo hakimu anaona halistahili zaidi ya miaka mitatu, sheria ya 1998 inamruhusu kuagiza kazi za kijamii badala ya jela: kufagia hospitali, kukarabati shule, kupanda miti, na jioni mtu alale kwao. Lakini nani atamuachia kijana ambaye hata kwao wamemkana?

Kwetu Waislamu swali la sulhu haliepukiki. Surat al-Baqara, aya ya 178, inawapa warithi wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea diya. Kadhi wetu, hata hivyo, ana mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu; kesi za jinai hana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini yao, lakini maombi mengine ya namna hiyo yamekataliwa. Palipo wazi zaidi ni kifungu cha 176 cha sheria ile ile ya kesi za jinai, kinachoruhusu mapatano kwa makosa madogo kama kupigana, kwa masharti ambayo mahakama imeridhia.

Kumaliza kesi ya mtoto aliyenajisiwa kwa bahasha na fatiha sebuleni si sulhu. Aliyedhulumiwa ni mtoto, na hakuna aliyemuuliza kama amesamehe. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 vinabaki.

Akishatoka, kuna cheti cha tabia njema. Hutolewa na idara ya upelelezi baada ya kukagua alama za vidole, na mwajiri wa mjini hukitaka, na wakala wa kazi za Ghuba pia. Mtu aliyefungwa miezi sita kwa msokoto wa bangi akiwa na miaka kumi na tisa huulizwa habari zake akiwa na mke na watoto watatu. Wenye karakana, mashua na maduka ya vipuri hawalazimiki kukiuliza, na wengi wao husali nasi safu moja kila Ijumaa.